Mpishi wa Masufuria Madogo

Mpishi hakuamini sahani tupu. Sahani ikirudi jikoni imelambwa mpaka inang'aa, sisi wengine tungefurahi, lakini yeye alikunja uso. Aliishika, akaigeuza, akainusa, kisha akatoka nayo uani kuchungulia chini ya benchi, ndani ya ndoo ya maji machafu, na nyuma ya ua wa michongoma ambako kuku wa jirani walipenda kukusanyika. Akiwakuta kuku wanagombania kipande cha nyama, alirudi jikoni ametulia, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

"Nilijua," alisema. "Mzee yule hana meno ya kumaliza nyama haraka hivyo."

Alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee hapo Nakuru, miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kanisa, kuta za mbao na paa la mabati, upande wa chini wa mji, si mbali na Bondeni. Kiangazi upepo ulipotoka ziwani ulituletea vumbi jeupe la magadi, likaingia kwenye macho, kwenye nguo nilizoanika, na kwenye uji usipofunikwa. Waliokaa humo walikuwa wazee waliokosa pa kwenda. Kuna aliyefanya kazi ya reli mpaka mgongo ukapinda, kuna aliyefukuzwa kwenye shamba la mzungu nguvu zilipomwishia, na kuna waliotoka mbali kiasi kwamba kwao hakuna aliyewakumbuka.

Mimi nilikuwa dobi wao. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mtoto wetu wa kwanza ndiye aliyenipa jina nililoitwa na wote, Mama Rispa. Yeye wa jikoni hatukumwita kwa jina la mtoto wala la baba. Alikuwa Mpishi tu, hata kwa Sista, muuguzi mzungu aliyeisimamia nyumba ile. Mpishi alikuwa mjane wa Kikuyu, mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa na tabia ya kukutazama mdomo unapoongea badala ya kukutazama machoni.

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani ananichukia. Nilikuwa nimeinama kwenye karai, nimezamisha mikono kwenye povu, akaja akasimama nyuma yangu.

"Shuka ya Mzee Koros ikoje leo?"

"Chafu," nikasema.

"Chafu namna gani?"

Sikujua namna ya kumjibu. Ni jambo ambalo mtu hasemi kwa sauti. Akainama mwenyewe, akaitoa shuka kwenye maji, akaitazama, akairudisha, akaenda zake. Mchana ule Mzee Koros hakupewa maharagwe. Kuanzia hapo aliniuliza kila asubuhi, shuka baada ya shuka, nani amelainika, nani hajaenda choo, nani amekojoa mara nyingi, na mimi nikazoea kumweleza kama ninavyoeleza habari za soko. Alipika kwa habari za shuka na kwa habari za sahani. Maneno ya wazee wenyewe aliyaweka mwisho.

"Wana adabu nyingi mno," aliniambia. "Atakuambia ameshiba kwa sababu hataki kukusumbua. Atakuambia haumwi kwa sababu anaogopa kupelekwa hospitali. Ukimsikiliza mdomo tu, utamzika."

Kila mtu alikuwa na chake. Jikoni kulikuwa na sufuria moja kubwa ya ugali na githeri, na kando yake kundi la masufuria madogo, mengine si sufuria hata kidogo, ni mikebe ya samli aliyoitia mishikio ya waya. Mkebe wa Mzee wa Reli haukutiwa chumvi, kwa sababu miguu yake ilivimba na Sista alikuwa amekataza. Sufuria ya aliyekuwa na kidonda cha tumbo ilipikwa malenge na viazi, bila pilipili wala nyanya. Mzee Koros, ambaye hakubakiwa na jino, alipikiwa maini yaliyosagwa laini. Lakini yalipakuliwa juu ya ugali kidogo, kwenye sahani ya bati kama ya wenzake, kwa sababu siku alipoletewa bakuli na kijiko alilisukuma akauliza kama amekuwa mtoto. Mpishi hakubishana naye. Alilichukua lile bakuli, akalitumia kulishia paka.

Lakini wazee hawakuiona hii kama huruma. Kila mmoja alitupia jicho sahani ya mwenzake.

"Kwa nini yule ana maini na mimi nina mboga?" mmoja aliuliza.

"Yule amehonga."

"Kwa kitu gani? Hana hata viatu."

"Basi ni wa kabila lake."

Maini yalikuwa ya Mzee Koros, Mkipsigis, na Mpishi hakujua hata salamu ya Kikipsigis. Hilo halikuwazuia kushuku. Kulikuwa na jingine baya zaidi lililosemwa kwa kunong'ona pale kwenye benchi la uani, kwamba ukianza kupikiwa kwenye mkebe wako mwenyewe, wameshaamua unakufa. Nilimwona mzee mmoja akilia kwa sababu uji wake ulikuja umechujwa. Mpishi alisikia maneno hayo yote huku akipika. Nadhani yalimpendeza kidogo. Mtu aliyejishughulisha kumchunguza angalau alikuwa macho.

Mzee Njoroge ndiye aliyemshinda kila mtu kwa kushuku. Alikuwa ameishi na kufanya kazi kwenye shamba la pareto upande wa Molo, yeye na mke na watoto, mpaka msako ulipokuja. Mke alikufa njiani walipokuwa wakihamishwa, mwanawe alikuwa kizuizini, na yeye aliokotwa na watu wa kanisa karibu na stesheni ya treni akiwa mifupa mitupu. Alipoletwa kwetu hakula. Hakusema ameshiba, wala hakuwatupia kuku. Alikaa mbele ya sahani mikono magotini, akiitazama kama mtu anayetazama shimo.

Sista alisema ni huzuni. Mpishi alikaa chini mbele yake, akachota kutoka sahani ile ile, akala, akangoja. Mzee akatikisa kichwa.

"Umekula upande wako," alisema.

Mpishi akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na yai la kuchemsha, likiwa bado na ganda lake. Akaliweka mezani, akaondoka bila kutazama nyuma. Nilikuwa nikipanga shuka pale barazani, nikamwona Mzee Njoroge akilichukua, akaligeuza mbele ya mwanga, akalikagua kote kama kuna tundu, kisha akalipasua akala.

Kuanzia siku hiyo Mpishi alimpangia chakula kisicho na tundu. Viazi vitamu vya kuchoma na maganda yake. Mahindi mabichi yaliyochomwa ndani ya majani yake. Nduma nzima. Ndizi, mayai, njugu zenye maganda. Alimtafutia hata maharagwe mabichi yaliyo bado ndani ya makaka, akayapika hivyo hivyo, na mzee akakaa akiyafungua moja moja mchana kutwa. Sista alisema mzee anahitaji supu na maziwa, la sivyo hatapata nguvu, na hapo alisema kweli, kwa sababu midomo yake ilikuwa inapasuka. Wakakaa wale wawili jikoni wakifikiria, Sista akiwa amekalia gunia la mkaa na nguo yake nyeupe. Mwishowe jiko dogo lilitolewa uani mbele ya kiti cha Mzee Njoroge. Mpishi akamwonyesha mfupa, akamwonyesha maji, akavitia kwenye sufuria mbele yake, akamwachia mwiko.

"Pika wewe," alimwambia. "Mimi nitakaa mbali."

Akakaa mbali kweli, kwenye ngazi ya jikoni, akichambua mboga, na mzee akakoroga supu yake mwenyewe mpaka ikaiva. Aliinywa yote. Mpishi hakutabasamu. Alinong'ona tu, "Kesho atataka chumvi," na kesho yake mzee akataka chumvi.

Sitaki mtu adhani hakukosea. Mzee Koros alipoharisha kwa muda mrefu, Mpishi aliamua ni maziwa. Akamnyima. Mzee yule alikuwa amekulia maziwa, maziwa ya kibuyu yaliyoganda, na binamu yake alimletea kibuyu kila alipokuja mjini. Mpishi alikichukua mlangoni, akakificha kabatini. Mzee hakulalamika, ila alianza kulala mchana, uso ukageukia ukutani, na shuka zake zikawa vile vile. Sista ndiye aliyeona kwamba kuharisha kulikuwa kwa maji ya pipa, ambalo vumbi la ziwani na kinyesi cha ndege vilikuwa vimeingia. Pipa likasuguliwa, maji yakachemshwa. Mpishi hakuomba radhi. Alikitoa kibuyu kabatini, akakiweka mapajani mwa Mzee Koros, akasema, "Hiki ni chako," kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekificha.

Yeye mwenyewe hakula chakula cha mtu. Pasaka moja nilimwalika kwangu. Nilikuwa nimepika kuku na chapati, na mume wangu amevaa shati safi. Alikuja, akasalimu vizuri, akaketi, kisha akafungua kitambaa akatoa viazi vyake viwili vya kuchemsha, akavila pale mezani petu akituambia habari za mahubiri. Mume wangu alimtazama kwa mshangao. Mimi niliudhika kiasi kwamba sikumsindikiza. Jumatatu aliniuliza, "Mume wako ni mtu mwenye maswali mengi, au ni siku ile tu?" Kwa kweli mume wangu alikuwa amemwuliza mambo ya kawaida, anakaa wapi, ana watoto wangapi, wazee wale wanakula nini. Nikamwambia ni mkarimu tu.

Na kulikuwa na hili la mkebe wa jioni. Kila siku, jua likianza kuelekea magharibi, alifunga jikoni, akachukua mkebe mmoja uliofunikwa kwa kitambaa, akateremka nao njia ya Bondeni. Zilikuwa siku ambazo mwanamke wa Kikuyu anayebeba chakula kilichofunikwa alisimamishwa mara kwa mara. Hom gadi, askari wasaidizi wa serikali, walikuwa wakitafuta watu wanaolisha wapiganaji wa msituni. Kila mtu pale nyumbani aliuona mkebe ule. Hakuna aliyeuliza, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Nami nilikuwa na yangu, nikayanyamazia. Nilishuku kwamba anamhonga hom gadi fulani kwa nyama ya wazee ili asisumbuliwe.

Kisha Mzee wa Reli akafa. Alikuwa mtu wa kelele na utani, aliyezoea kupiga filimbi kama garimoshi, na tangu alipokatazwa chumvi alikuwa na kisa kimoja tu cha kumsimulia kila mgeni. Mpwa wake, aliyefanya kazi ya reli pia, alikuja kumwona Jumapili, na mzee alimwambia mbele yetu sote, "Huyu mama ananipikia peke yangu. Chakula hakina ladha. Sijui anatia nini." Alisema akicheka. Mpishi alikuwa amemnyang'anya chumvi mara nyingi. Aliwahi kuikuta imeshonwa kwenye upindo wa koti. Jumapili ile ile mzee alikula chakula chake cha mchana, akaegemea ukuta kwenye jua, na alipoitwa aje anywe chai hakuitika.

Mpwa alikuja kesho yake na koplo wa polisi. Walisimama jikoni na viatu vyao vya vumbi, na koplo akayatazama masufuria madogo yaliyopangwa kwenye rafu.

"Ya marehemu ni ipi?"

Mpishi akamwonyesha.

"Kwa nini ilikuwa peke yake?"

"Hakuruhusiwa chumvi."

"Hakuruhusiwa na nani? Mzee mzima anakatazwa chumvi?" Koplo akageuza mkebe, akaunusa. "Na hii nyingine ni ya nani? Na hii? Kila mtu na sufuria yake. Mimi nyumbani kwangu tunakula sufuria moja."

Sista alieleza. Alieleza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, akaeleza ugonjwa wa moyo na maji yanayojaa miguuni. Koplo alimsikiliza kwa heshima, akisema ndiyo Sista, ndiyo Sista, na alipomaliza aliomba pasi ya Mpishi, ile karatasi iliyomruhusu Mkikuyu kukaa mjini. Pasi ilikuwa na kasoro, muhuri wake ulikuwa umepitwa na wakati. Wakamchukua pamoja na masufuria yake, yamefungwa ndani ya gunia.

Nilikuwa nimesimama karibu na kamba za nguo. Alipopita mbele yangu alipunguza mwendo, akanitazama mdomo kama kawaida yake.

"Mama Rispa," alisema kwa sauti ndogo, "nyumbani kwangu kuna mtu hajala."

Koplo akamsukuma begani, wakaenda.

Jioni ile niliteremka Bondeni. Chumba chake kilikuwa mwisho wa mstari, mlango umefungwa kwa nje. Nilipata ufunguo pale ambapo wanawake wote huweka ufunguo. Ndani, kitandani, nyuma ya pazia la gunia, alikuwa bibi kizee mdogo kama mtoto, macho yamefunikwa na ukungu. Hakuwa na pasi yoyote, kwa hiyo angeonekana angepakiwa kwenye lori na kupelekwa asikokujua mtu. Alikuwa mama mkwe wa Mpishi. Nilifahamu baadaye kwamba tangu siku ya harusi hakuwahi kumpenda mkaza mwana wake. Alisema huyo ndiye aliyemmaliza mwanawe, mume wa Mpishi, kwa chakula.

Basi mkebe ulikuwa wa mtu huyo.

Nilimpa uji niliokuja nao. Akaonja, akautema mkononi mwangu. Nikamwambia, "Shosho, bibi yangu, ni uji tu." Akasema maneno marefu ambayo sikuyaelewa, na kati yake nililielewa moja, sumu. Nilikaa pale nikiwa na bakuli langu, nikiwaza jinsi yule mwanamke alivyofanya hivi kila jioni kwa miaka, kumlisha mtu anayemwita mwuaji. Siku zilizofuata nilijaribu hiki na kile. Viazi alivikataa. Maziwa ya moto alikunywa nusu. Mwishowe nilimpelekea nduma iliyopondwa na samli kidogo, naye akala yote bila kusema kitu, na nikarudi nyumbani nikiwa na furaha isiyo na maana.

Kule kwenye nyumba ya wazee aliletwa mpishi mwingine, mwanaume aliyewahi kupikia askari. Alipika sufuria moja, nzuri, yenye mafuta na chumvi. Wazee walifurahi. Walisema hatimaye kuna haki. Wakala wote chakula kimoja, wakatazamiana sahani na kukuta hakuna tofauti, na kwa siku chache uani kulikuwa na kicheko. Mimi niliziona shuka. Mwenye kidonda cha tumbo alianza kutapika. Mzee Koros aliyatafuna mahindi kwa ufizi mpaka yakamtoa damu. Mzee Njoroge aliiweka mikono yake magotini tena. Nilimpelekea yai, akaligeuza mbele ya mwanga, akalirudisha.

"Huyu wa sasa simjui," alisema. "Yule nilikuwa nimeshajua jinsi ya kumchunga."

Sista alikwenda stesheni ya polisi kila siku, kwa miguu, akiwa na mwavuli wake. Daktari aliyeuchunguza mwili wa Mzee wa Reli alisema ni moyo uliochoka, hakuna kingine. Hata hivyo walimzuia Mpishi majuma kadhaa kwa ajili ya pasi. Aliporudi alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwani hakipo, nywele zimenyolewa. Hakusalimu mtu. Aliingia jikoni, akafunua sufuria kubwa, akanusa, akafunika. Akauliza Mzee Njoroge amekula nini. Alipoambiwa, akaokota jiko dogo akalitoa uani mwenyewe.

Kisha akaja kwenye karai langu. Nilidhani amekuja kunishukuru.

"Ulimpa nini?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Nduma ulinunua kwa nani? Uliiponda wewe mwenyewe? Alikula mbele yako au ulimwachia? Nani mwingine aliingia? Mume wako anajua?"

Nilijibu yote, moja baada ya jingine, maji yakipoa mikononi mwangu. Nilikuwa na hasira, lakini nilijibu. Alipomaliza alitikisa kichwa polepole, akasema, "Amenenepa kidogo," akaenda zake. Hatukuzungumza tena habari ile. Alifanya kazi mwaka mwingine na zaidi, kisha siku moja hakuja, na chumba cha Bondeni kikawa na watu wengine. Mzee Njoroge alimngoja kwenye kiti chake mpaka alipozoea kungoja.

Nilimwona Mpishi tena mara moja tu, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, walipokuwa wameanza kulegeza mambo ya pasi. Mume wangu alikuwa amehamishiwa Naivasha, na mimi nilikuwa sokoni nikinunua samaki. Alikuwa nyuma ya mafungu ya kabichi na vitunguu, ameketi juu ya kasha, ameota mvi. Alinijua kabla sijamjua. Alinipa nafasi ya kukaa, akafunika mboga zake kwa gunia lenye maji, na tukaongea juu ya watu wa Nakuru, nani amekufa na nani bado. Nikamwuliza habari za shosho. Akasema alikufa kitandani mwake, ameshiba, akiwa bado anamtukana.

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Kwa muda mrefu nilijua ni wewe."

"Mimi nini?"

"Uliyewaambia habari za masufuria. Mzee wa Reli aliongea, sawa, wazee huongea. Lakini koplo alipoingia jikoni alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Alijua kila mtu ana yake, alijua hata mkebe wa Bondeni. Kule ndani aliniuliza ninampelekea nani. Hayo mpwa hakuyajua."

"Mimi sikusema neno kwa koplo. Hata salamu sikumpa."

"Nimekusikia."

"Kama uliniona hivyo, mbona uliniachia mama mkwe wako?"

Alitazama mikono yake. "Sikuwa na mwingine. Na nilifikiri, kama ni wewe uliyesema, utanionea haya." Akapanga vitunguu upya ingawa vilikuwa vimepangwa. "Usiku ule wa kwanza nilikuwa na hakika watakuja na shosho kwenye lori. Hawakuja. Nikakaa mle ndani nikiwa sijui nifikirie nini juu yako. Mpaka sasa sijajua vizuri."

"Sikusema kwa mtu."

"Nyumbani je?" aliuliza. "Nyumbani hukuwa ukiongea?"

Mtu akitoka kazini huongea. Humweleza mume wake nani alilia, nani alificha chumvi, nani anabeba nini akiteremka Bondeni. Ni maneno ya kupitishia jioni tu. Mpishi alinitazama mdomo, akaona haukufunguka, na hakuniuliza tena. Aliniwekea kabichi kwenye kikapu changu, akakataa kabisa malipo, akanipa mgongo kumhudumia mteja.

Nilipika wale samaki jioni ile. Mume wangu alirudi, akanawa, akaketi, akaanza kula kwa hamu kama kawaida yake. Nilimwacha ale kidogo.

"Yule mzee wa reli aliyekufa kule Nakuru," nikasema. "Mpwa wake ulimjua?"

Alichambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani.

"Watu wa reli tulikuwa wengi," alisema.

Nikangoja aongeze. Akaomba maji. Nikamletea, nikaketi mbele yake, nikamtazama akila mpaka alipomaliza.